Tupeane uzoefu: gemu za id Software, wewe uliishia wapi?

MzeeWaDisketi:
Wakuu, heshima mbele. Tangu Doom: The Dark Ages itoke Mei 2025 nasoma vijana wakiijadili kana kwamba id Software, kampuni ya Marekani inayoitengeneza, walianza kazi mwaka 2016. Imenigusa, ndiyo maana nimefungua uzi.

Hawa jamaa wametoka mbali. Desemba 1990 Commander Keen inatoka, wao bado ni waajiriwa wa Softdisk, kampuni ya programu kule Shreveport, Louisiana, gemu wameitengeneza usiku na wikiendi. Kampuni wakaianzisha Februari 1991: John Carmack, John Romero, Tom Hall na Adrian Carmack, ambaye hana undugu na yule Carmack mwingine. Wakati huo PC ilionekana mashine ya mahesabu na barua. Skrini ya Keen iliposogea laini, bila kukwamakwama, mtu aliyezoea gemu za PC alishtuka.

Ila ninachotaka tuongee ni hiki. Wengi wetu hatukucheza gemu nzima. Utaratibu ulikuwa wa Scott Miller wa Apogee, kampuni iliyosambaza gemu zao za mwanzo: kipande cha kwanza kinagawiwa bure, unanakili unampa mwenzako, ukinogewa unaagiza vilivyobaki kwa posta. Ndiyo sheawea yenyewe. Keen ilikuwa na vipande vitatu, Wolfenstein 3D ya Mei 1992 ikafika sita, Doom ya Desemba 1993 ikawa na vitatu. Mimi nilikuwa na cha kwanza cha kila gemu. Kila ukuta wa siri niliujua, na kilichofuata baada yake nilikisikia kwa watu tu. Nilicheza theluthi ya historia ya kampuni hii, na hiyo theluthi naipenda kuliko gemu nyingi nilizozimaliza.

Karibuni. Kila mtu aseme alipoishia.

Bandari220:
Doom, leveli ya nane ya kipande cha bure. Unawaangusha wale mabwana wawili wa kuzimu, kuta zinashuka, unapanda jukwaani, unarushwa kwenye chumba cha giza kimejaa mapepo. Wanakupiga mpaka damu inaisha. Halafu yanakuja maandishi ya kukuaga. Yaani gemu inaisha kwa wewe kufa! Nilirudia nikiamini kuna njia ya pembeni. Nikatia IDDQD, ule msimbo wa kudanganya gemu, nisidhurike. Haisaidii, sakafu ya chumba kile inaizima IDDQD yenyewe, unapungua mpaka leveli inafungwa.

Nyamayao:
Chumba kile! Acha kabisa.

UkutaWaSiri:
Umenikumbusha mbali mkuu. Nyongeza tu: leveli nyingi za kipande kile ni mkono wa Romero, lakini hiyo ya nane ni ya Sandy Petersen, mbunifu mwingine wa leveli pale id. Ndiyo maana ina harufu tofauti. Romero anakuchezesha na mwanga, madirisha na kona. Petersen anakutisha moja kwa moja.

DadaWaKeen:
Mimi niseme ya sauti, maana naona wote mnakimbilia bunduki.

Keen tatu za kwanza zilitumia spika ndogo ya ndani ya kompyuta, ile ya kupiga mlio mmojammoja. Tulizoea, tukaona ndiyo dunia. Goodbye, Galaxy!, mwendelezo wa Keen, ilipokuja mwishoni mwa 1991 ikiwa na muziki wa kadi ya sauti ya AdLib, nilihisi nimefunguliwa masikio. Kisha Wolfenstein kwenye kadi ya Sound Blaster, walinzi wanapiga kelele kwa Kijerumani nyuma ya mlango. Sauti ya mtu, kutoka kwenye PC!

Lakini kuipata hiyo sauti, jamani. Namba za kuitambulisha kadi kwa gemu ulizipanga mwenyewe: bandari 220, IRQ 5 au 7, DMA 1. Printa nayo ilitegemea IRQ 7. Ukiikosea gemu inaganda kabla ya picha ya kwanza, unazima, unawasha, unajaribu namba nyingine. Na Wolfenstein ilihitaji nafasi ndani ya zile kilobaiti 640 za kumbukumbu ya DOS, hivyo unakuwa na disketi maalumu ya kuwashia mashine, imeondolewa kila kisichohitajika kwenye faili la mipangilio, CONFIG.SYS. Doom ilipokuja na DOS/4GW, programu ya kufungulia kumbukumbu zaidi, ikairuka hiyo 640 moja kwa moja. Watu wanasifia picha za Doom. Mimi naisifia kwa kuniondolea kazi ya kuhesabu kilobaiti.

Bandari220:
Dada umenena. Jina langu humu unajua lilikotoka.

PembeTatu:
Wolfenstein ndiyo ilianzisha 3D. Bila hiyo hakuna lolote tunalocheza leo.

UkutaWaSiri:
Mkuu, hapana. Ultima Underworld ilitoka Machi 1992, kabla ya Wolfenstein, na ilikuwa na miteremko na uwezo wa kutazama juu na chini. id wenyewe walikuwa na Hovertank 3D na Catacomb 3-D mwaka 1991. Wolfenstein ilichowapita wote ni kasi.

PembeTatu:
Kasi ndiyo kila kitu. Ultima Underworld ilitembea polepole kwenye dirisha dogo.

Nodi_BSP:
Na Doom si 3D kamili, tuseme ukweli. Huwezi kuweka chumba juu ya chumba. Mapepo ni picha bapa zinazokugeukia. 3D ya kweli kwa id ni Quake, Juni 1996, karibu kila kitu ni poligoni.

DadaWaKeen:
Usiidharau kaka. Doom ilikimbia kwenye mashine ya prosesa ya 386 yenye RAM megabaiti 4. Quake ilitaka Pentium. Wangesubiri "3D kamili" wengi wetu tusingecheza kitu.

Nodi_BSP:
Sijaidharau dada, nimeeleza inavyofanya kazi. Kuubana ujanja wote ule kwenye mashine ile ni kazi ninayoiheshimu kuliko Quake.

KebolYaIPX:
Nani anakumbuka toleo la kwanza la Doom kwenye mtandao wa ndani? Wachezaji wanne, itifaki ya mtandao ya IPX, na gemu ilirusha pakiti kwa kila mashine iliyounganishwa, hata isiyocheza. Mtandao mzima unazama. Toleo la 1.2 likarekebisha.

Nyamayao:
Tulifukuzwa chumba cha kompyuta kwa hilo.

RamaniYaUsiku:
Niruhusuni niandike kirefu. Kidonda changu kipo hapahapa.

Kipande cha bure cha Doom kilikataa ramani za watu wengine. Ukiipachika kwa amri ya -file inagoma, inakutaka ununue. Nilihangaika mpaka nikapata toleo kamili, si kwa hamu ya kipande cha pili na cha tatu, bali ili nijenge. id walikuwa wameziweka ramani, picha na sauti kwenye faili la WAD, mbali na programu yenyewe. Ukiwa na kihariri kama DEU unachora yako bila kuigusa gemu: mistari, urefu wa sakafu, urefu wa dari. Kisha unaiachia mashine ikokotoe mti wa BSP, ule unaoijulisha injini ukuta upi uko mbele ya upi, na kwa 486 yangu ramani kubwa ilidai subira.

Nilikuwa nachora ngome. Ngazi zinauzunguka mnara, mlango wa buluu, madirisha membamba ambayo adui unamwona kabla hajakuona. Ilipokaribia kukamilika nikampa rafiki yangu disketi aijaribu. Nikaendelea kujenga. Nikaongeza kumbi mbili za mwisho, na hizo kumbi nasema bila aibu zilikuwa nzuri.

Diski ngumu yangu ilikuwa ndogo, imebanwa kwa programu ya kuongeza nafasi, kama tulivyofanya wengi enzi zile. Siku moja mashine ikazima katikati ya kuandika. Ilipowaka nikapiga DIR, amri ya kuorodhesha mafaili. Majina ya mafaili yakatoka vikopa na vinyago vya kutabasamu. Faili moja linadai ukubwa unaozidi diski yenyewe. Nikaendesha programu ya kukagua, ikanirudishia lundo la vipande, FILE0000.CHK, FILE0001.CHK, na kuendelea. Nilifungua kimoja baada ya kingine nikitafuta herufi nne tu mwanzoni mwa faili: PWAD, alama ya ramani za kuongezea. Sikuziona. Mikono ilikuwa baridi. Rafiki alishahama, tumepotezana.

Miaka ikapita. Nikapata CD ya mkusanyiko wa ramani za Doom, zile CD zilizozoa ramani za watu kutoka kwenye mitandao ya modemu na kuziuza kwa pamoja. Nikawa nazijaribu bila mpangilio. Moja ina jina la herufi na namba tu, haina faili la maelezo. Ikafunguka, nikajikuta nimesimama chini ya ngazi zangu.

Nilikimbia ramani ile yote nikijua kila kona kabla sijaifikia. Adui yuleyule dirishani. Nikafungua mlango wa buluu, mbele ni ukuta mtupu. Ilikuwa nakala ya rafiki, ya kabla ya kumbi mbili. Jina langu halipo popote.

MzeeWaDisketi:
Ndugu yangu. Nimesoma mara mbili.

PembeTatu:
Huo ni wizi. Wamechukua kazi yako, wamefuta maelezo, wameuza.

KebolYaIPX:
Wizi gani tena? Bila CD ile ramani ingekuwa imekufa. Wamemwokolea.

PembeTatu:
Kuokoa na kuuza ni vitu viwili. Faili la maelezo halizidi kilobaiti chache, kwa nini wasiliweke?

Nodi_BSP:
Mimi namlaumu rafiki. Amepewa kazi isiyokamilika aijaribu, akaipandisha hewani.

DadaWaKeen:
Mwacheni rafiki. Enzi zile kila disketi iliyokupendeza ulimpa mwingine. Ndivyo Keen ilivyotufikia. Aliipenda, akaigawa.

UkutaWaSiri:
RamaniYaUsiku, hizo kumbi mbili ulizijenga upya?

RamaniYaUsiku:
Nilianza. Msimbo wa Doom ulipotolewa Desemba 1997 zikaja injini mpya zisizo na mipaka ile ya zamani, nikaona naweza. Zilitoka tofauti. Mtu niliyekuwa nachora naye usiku ule nilikuwa mimi mwingine. Nimeuacha ukuta kama ulivyo kwenye CD.

KebolYaIPX:
Weka ramani hapa tuicheze. Jina lako tutaliandika sisi.

Bandari220:
Naunga mkono.

Nodi_BSP:
Tukirudi kwenye mada, kuna aliyeikuta CD ya bure ya Quake ya 1996? Ndani yake kulikuwa na gemu za id nzima nzima, zimefungwa. Unapiga simu, unalipa, unapewa namba ya kufungulia. Nilishika CD ile nikijua Doom II na nyingine ziko mkononi mwangu na siwezi kuzigusa. Kufuli lilivunjwa upesi, na sheawea ya namna ile wakaiacha.

MzeeWaDisketi:
Hiyo ndiyo maana yangu hasa! Wewe uliishia mkononi kabisa.

Nyamayao:
Romero alipoondoka 1996 id iliisha.

PembeTatu:
Iliisha vipi? Quake III Arena ni ya Desemba 1999. Mpaka leo hakuna gemu ya kupigana mtandaoni iliyo safi kiasi kile.

Nyamayao:
Safi, lakini haina hadithi wala siri za kutafuta. Uwanja tu.

PembeTatu:
Uwanja ndio niliotaka.

Kijana_2016:
Shikamooni wakubwa. Mimi ni mmoja wa hao walioanza na Doom ya 2016, nikacheza na Doom Eternal ya 2020. Nimesoma uzi wote. Nataka kuanza mwanzo kabisa. Nianze na ipi, na kwa njia gani?

UkutaWaSiri:
Marahaba. Doom ya kwanza, kwenye Chocolate Doom, programu inayoiendesha kama zamani, ili uione ilivyokuwa.

Nodi_BSP:
Atachoka upesi. Mdogo wangu tumia GZDoom, injini ya kisasa, uwe na kipanya kinachotazama juu na chini, picha kali.

UkutaWaSiri:
Kutazama juu kunaharibu ramani za Romero. Hazikuchorwa kwa hilo.

PembeTatu:
Ruka yote hayo, nenda Quake. Mkono wako umezoea kipanya.

KebolYaIPX:
Cheza na mtu wa pili chumba kimoja, vinginevyo hujacheza Doom. Na zima taa.

DadaWaKeen:
Anza na Keen kwenye DOSBox, programu ya kuigiza mashine ya DOS. Kipande cha kwanza tu, kimalize, kisha ukae siku kadhaa bila kugusa cha pili. Hapo utatuelewa.

Bandari220:
Na wenye disketi za zamani mkabatini: zinakilini sasa kuwa faili la picha ya diski. Ikigoma kusoma usiilazimishe mara nyingi, kichwa cha kusomea kinakwangua utando wake.

KebolYaIPX:
Mimi nalazimisha, na mara nyingine inakubali.

Bandari220:
Kaka, safisha kichwa kwanza, halafu ndiyo ujaribu. Nakuomba.

Kijana_2016:
Nimemsikiliza dada. Keen ya kwanza imefunguka, rangi zake zimenifurahisha. Naruka kwa Ctrl, na kifimbo cha kurukia nimekipata, ni Alt. Bunduki ninayo lakini haipigi. Nimejaribu kitufe cha nafasi, Enter, vyote.

DadaWaKeen:
Ctrl na Alt kwa pamoja, mdogo wangu. Na risasi usizimalize, kuna leveli utazihitaji.