Nguvu ya mawimbi 88, ubora unaruka 15 hadi 60: niongeze busta?

Mlingoti:
Wakuu, naombeni msaada. Picha inagandaganda na sauti inakatika. Halafu kuna kundi zima la chaneli sita linapotea kwa pamoja, hasa usiku, huku nyingine zikiendelea kama kawaida. Antena ni ya nje, UHF, iko sentimita 60 tu juu ya paa la bati. Kebo ni RG6, mita 25. Kigawanyi ni cha njia nne, ingawa TV ni mbili. Busta (kikuza mawimbi) iko ndani, nyuma ya king'amuzi. Mnara uko kilomita 14. Menyu inaonyesha nguvu 88, ubora unarukaruka kati ya 15 na 60. Ninunue busta kubwa zaidi?

Koaksi:
Mkuu, usinunue. Hizo namba mbili zimeshakujibu. Nguvu ni wingi wa kila kinachoingia, makelele yakiwemo. Ubora ni jinsi king'amuzi kinavyoweza kusoma data bila makosa. Zamani za analojia ungeona chenga na bado ukatazama mpira wako. Dijitali inakupa picha safi mpaka ubora ushuke chini ya kiwango, hapo inakatika ghafla.

Nguvu ikiwa juu na ubora chini, ama mawimbi yamechafuka njiani, ama busta imezidiwa. Kwa kilomita 14 mimi naanza na busta. Ikilishwa mawimbi mazito kuliko uwezo wake inayakoroga na kuzalisha makelele mapya. Na ikiwa nyuma ya king'amuzi, inakuza pia uchafu wote uliokusanywa na kebo. Kundi moja kupotea peke yake si ajabu: chaneli zote za kundi hilo zinabebwa na masafa yale yale, yakiharibika zinaondoka zote.

Toa busta na kigawanyi, chomeka kebo moja kwa moja, andika nguvu na ubora wa kila kundi. Kigawanyi cha njia nne kinakula kama desibeli 7 (kipimo cha nguvu ya mawimbi inayopotea), cha njia mbili 3.5 hadi 4. Kebo yako yote ya mita 25 inakula 4 au 5 tu, kwa hiyo unapoteza zaidi kwenye kile kidude kidogo kuliko kwenye kebo nzima! Angalizo: kama antena ina busta nyingine kichwani, inahitaji umeme unaopanda kupitia kebo. Ukiondoa adapta yake utapoteza kila kitu na kudhani umeharibu.

Nyuzi_za_Wavu:
Naongezea, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Fungua kila plagi ya F, ile ya kuskrubu mwishoni mwa kebo, uitazame kwa karibu. Nyuzi za wavu wa chuma ulio chini ya ganda la kebo zikunjwe nyuma juu ya ganda hilo, na hata uzi mmoja usiguse waya wa kati. Kauzi kembamba kama unywele kanatosha kuzima kila kitu. Plastiki nyeupe ifike usawa wa sakafu ya ndani ya plagi, waya wa kati utokeze milimita 2 hadi 3 nje ya ukingo. Ukiwa mfupi unagusa leo, kesho haugusi.

Ukiona kutu ya kijani au wavu umekuwa mweusi, maji yameingia. Kata mpaka ufikie wavu unaong'aa. Weusi ukiendelea zaidi ya mita moja, badilisha kebo yote, haitakauka. Kisha pima kwa multimita: chomoa ncha zote mbili, kati ya waya wa kati na wavu kusiwe na muunganiko kabisa. Unganisha viwili hivyo kwenye ncha ya juu, chini usome omu chache tu. Usipime antena ikiwa bado imefungwa, nyingi zinasoma kama shoti hata zikiwa nzima. Chini ya antena acha kitanzi cha kebo maji yadondokee hapo. Plagi ya juu izungushie utepe wa mpira unaojigandisha wenyewe. Tepu ya kawaida ya umeme inaachia gundi juani.

Paa_Juu:
Sentimita 60 juu ya bati ni karibu mno. Kwa masafa ya megahezi 600 wimbi moja lina urefu wa sentimita 50. Bati linaakisi mawimbi, yale ya moja kwa moja na yaliyoakisiwa yanakutana kwenye antena, na kwa masafa fulani yanauana. Inua hadi mita 1.5 au 2, mbali na nyaya za umeme. Upande wenye vijiti vifupi uelekee mnara, vijiti vyenyewe vikilala au kusimama kama mnara huo unavyorusha. Ukikosea hapo unaweza kupoteza desibeli 15 na zaidi. Geuza kidogo, kama digrii 5, subiri sekunde 10, soma ubora. Pimia kundi dhaifu, lile zuri litakudanganya.

Mlingoti:
Nimetoa busta na kigawanyi, nimeinua mlingoti. Nguvu 64, ubora 90 kwa makundi yote, ila lile la usiku linashuka hadi 45 taa za sebuleni zikiwaka.

Koaksi:
Basi zima taa moja moja huku ukitazama ubora. Balbu za LED zenye saketi duni, na chaja pia, hutoa makelele ya redio. Ukiipata, ibadilishe, na kebo ya antena isiende sambamba na nyaya za umeme wala kugusana na kebo ya HDMI. Kwa TV ya pili weka kigawanyi cha njia mbili, bila busta. Na usitafute chaneli upya kwa njia ya otomatiki wakati kundi lile limeshuka, king'amuzi kinaweza kulifuta. Ingiza masafa yake kwa mkono, ubora ukishatulia.