Vipima unyevu shambani Tukuyu: nguvu ya redio ipangwe mara moja au ijirekebishe?

Mkulima wa Tukuyu
Shikamooni wakubwa. Nina vipima unyevu wa udongo 12 katika shamba la chai bondeni, vinavyotuma vipimo kwa redio hadi kwenye kipokezi kilicho juu ya paa la nyumba. Nilivifunga mwezi wa tisa, wakati wa kiangazi, nikaviwekea nguvu ndogo ya kurusha mawimbi, na vyote vikasikika. Mvua zilipoanza na migomba iliyo katikati ikawa inachuruzika maji, vinne vikanyamaza. Nikapandisha nguvu ya vyote hadi mwisho. Sasa betri zinakwisha upesi, na vya karibu vinaporusha huvifunika vya mbali. Nipange nguvu ipi?

Fundi redio, Uyole
Ndugu yangu, hakuna nguvu moja itakayofaa mwaka mzima, kwa sababu majani yaliyolowa hunyonya mawimbi zaidi kuliko makavu. Kipokezi ndicho kiamue: kila kipimo kinapofika, kipokezi kipime mawimbi yake yamezidi kelele (mawimbi mengine yanayoyavuruga) kwa kiasi gani, kisha kikirudishie kifaa amri ya kupanda au kushuka. Kushuka desibeli 3 tu ni kupunguza nguvu kwa nusu. Mitandao ya simu ya kizazi cha tatu ilitoa amri hizo mara 1,500 kwa sekunde, maana abiria anayepanda mlima wa Kitonga kwa basi hubadilikiwa na hali ya mawimbi kila kona. Migomba yako haitembei, kwa hiyo marekebisho machache kwa siku yanatosha.

Mwalimu, Iringa
Naafiki, ila kipima kilichonyamaza hakiwezi kupata amri, hivyo kifundishwe kujipandisha chenyewe kisipojibiwa kwa muda. Kipande haraka, kishuke polepole. Kuhusu kufunikana, watafiti Foschini na Miljanic walionyesha mwaka 1993 kwamba kila kifaa kikizidisha nguvu yake kwa uwiano wa ubora wa mawimbi unaotakiwa (lengo) kwa ubora uliopimwa, vyote hutulia kwenye nguvu ndogo kabisa inayovitosha, mradi malengo yao yawezekane kwa pamoja. Yasipowezekana, kila kimoja hupanda kwa sababu mwenzake amepanda, hadi vyote vifike kikomo, na hapo dawa ni kushusha lengo au kupanga zamu za kurusha.

Mkulima wa Tukuyu
Ndaga fijo, asanteni sana. Nitaanza na vitatu vilivyo karibu na nyumba, nivishushe desibeli 3 kila asubuhi hadi kimojawapo kianze kupoteza vipimo, kisha nikirudishe hatua mbili juu.