Tupeane uzoefu: Kompyuta ilikufa, bekapu ya mtandaoni ilikuokoa au ilikuangusha?

Wakuu, salaam. Wiki mbili zilizopita laptopu yangu iligoma kuwaka. Fundi akaifungua, akakuta SSD, yaani diski inayohifadhi mafaili yote, imekufa kabisa. Humo ndimo ilimokuwa tasnifu yangu ya miezi kumi na minne. Maandishi nilikuwa nayahifadhi Google Drive, na siku ileile, kwa kompyuta ya kuazima, nilizipata sura zote hadi sentensi ya mwisho niliyoandika. Ila rekodi za mahojiano, saa 31 za sauti za wazee, sikuzipandisha. Zilikuwa nzito, na zile GB 15 za bure zilishajaa picha na barua pepe. Hazikurudi. Wazee wawili kati ya niliowahoji wameshafariki, kwa hiyo siwezi kurudi kuwauliza.

Naomba waliowahi kupatwa waseme: nini kilipotea, nini kilirudi, na kilirudije.

Mchangiaji wa 1
Pole sana mkuu, hasa kwa hao wazee. Mimi nilidhani nina bekapu kumbe nina usawazishaji tu. Laptopu ilijaa, nikafuta folda ya picha za watoto nikijua nakala iko mtandaoni. Folda ile ilikuwa imeunganishwa na akaunti, kwa hiyo nilipofuta huku ikafutika na kule, na kwenye simu pia. Niligundua siku ya 27. Kilichoniokoa ni Tupio, maana Drive huweka vilivyofutwa kwa siku 30 kisha huvimaliza. Siku tatu zaidi na ningekuwa sina hata moja. Tangu hapo naweka nakala ya pili kwenye diski ngumu (hard disk) ya nje, na nikimaliza kunakili naichomoa.

Mchangiaji wa 2
Mkuu mwanzisha mada, SSD hiyo ulijaribu programu za kurudisha mafaili?

Mchangiaji wa 3
Kwa SSD iliyokufa programu haisaidii, kwa sababu kompyuta haiioni kabisa. Na hata ikiwa nzima, ukifuta faili kwenye SSD mfumo huiambia diski kwamba nafasi ile haina kazi tena, nayo huisafisha yenyewe. Diski ngumu za zamani za kuzunguka zilikuwa na huruma zaidi: faili iliyofutwa hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ndiyo maana mtu akiniletea diski ya aina hiyo, jambo la kwanza namwambia aache kuitumia.

Nitasema jambo litakalouma kidogo, ila litamfaa anayesoma. Saa moja ya sauti ya WAV (sauti isiyobanwa) yenye ubora wa CD ni karibu MB 635, kwa hiyo saa 31 ni kama GB 20. Ukiigeuza kuwa MP3 (sauti iliyobanwa) ya kilobiti 128 kwa sekunde, saa moja inashuka hadi MB 58 hivi, na zote 31 haziwezi kufika hata GB 2. Kwa sauti ya mtu anayezungumza, inatosha. WAV asilia weka kwenye diski ya nje, MP3 ipandishe.

Mchangiaji wa 4
Ofisini kwetu waliingia virusi wa kufunga mafaili na kudai fidia. Mafaili yaliyofungwa yakapanda mtandaoni juu ya yale mazima, moja baada ya jingine, sisi tunatazama. Tulichomoa intaneti tukiwa tumechelewa. Tulipona kwa sababu huduma yetu ilikuwa inatunza matoleo ya awali ya kila faili. Waliojiunga na Microsoft 365 wanaweza kuirudisha OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft) nzima ilivyokuwa siku yoyote ndani ya siku 30 zilizopita. Sisi hatukuwa na hiyo, tukarudisha faili moja moja kwa siku sita. Kabla hujalipia huduma yoyote, uliza inatunza matoleo kwa muda gani. Kwangu hilo linazidi ukubwa wa nafasi.

Mchangiaji wa 5
Mimi data zangu zilikuwa salama kabisa, ila mlango ulikuwa umefungwa. Begi liliibwa likiwa na laptopu na simu pamoja. Nikaingiza nywila sawasawa, nikaambiwa niweke namba iliyotumwa kwenye simu. Ilibidi nisubiri mpaka laini irudishwe. Akaunti ya Google hukupa namba 10 za dharura za kuingilia bila simu, kila moja hutumika mara moja tu. Zangu sasa nimezichapa, karatasi iko kwa dada yangu.

Mchangiaji wa 2
Na sisi wenye intaneti ya polepole? Nina GB 100 za video.

Mchangiaji wa 3
Kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 2 kwa sekunde, hesabu zaidi ya siku nne na nusu mfululizo. Anza na visivyopatikana tena popote. Video zipande usiku, kidogo kidogo.

Mwanzisha mada
Asanteni sana ndugu zangu. Hesabu ya MP3 imeniuma kweli, lakini imenikumbusha kitu. Mmoja wa wale wazee waliofariki, binti yake aliniomba rekodi ya baba yake nikamtumia kwa simu. Nimempigia jana. Bado anayo, saa moja na dakika kumi na mbili. Ameshanitumia, na usiku huu nimeifungua sehemu zote mbili nilizoiweka, nikaisikiliza mpaka mwisho.