Nyie mnaotembea 30 leni ya kulia, nani aliwagawia hiyo leni?

Wakuu, kabla hamjanirukia: sina ugomvi na mtu anayeendesha taratibu. Gari lako, mafuta yako, presha yako. Ukitaka kutoka Mbagala hadi Posta kwa spidi 20 huku taarabu inalia, starehe yako hiyo, nani akuzuie? Ugomvi wangu ni hapo unapokwenda kuifanyia. Leni ya kulia! Nchi hii tunaendesha kushoto, kulia ni kwa kumpita mwenzio halafu unarudi ulikotoka. Lakini mtu anaingia pale asubuhi, anashika 30, mbele yake lami tupu hadi macho yanapokomea, nyuma yake watu wanapiga taa, wanapiga honi, wanamtaja mama yake, na yeye wala hana habari.

Chukueni barabara ya Morogoro, kipande cha Kimara hadi Kibaha. Kilomita 19 na pointi. Watu walivunjiwa nyumba mwaka 2017 ili kipande hicho kipanuliwe, na leo kila mtu anakiita njia nane. Sasa pigeni hesabu. Ukienda 50, ambayo ndiyo spidi ya mwisho kwenye maeneo ya makazi kwa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, unakimaliza chote kwa dakika 23. Ukienda 30, dakika 38. Robo saa imeliwa, na hapo hakuna foleni, hakuna ajali, hakuna msafara wa kiongozi. Imeliwa na mtu mmoja ambaye hata haraka hana, na kila aliye nyuma yake amekatwa robo saa yake. Yakitokea magari mawili ya namna hiyo yakajipanga sambamba, njia nane imekwisha habari yake, tunarudi kwenye barabara ile ile ya kabla ya kubomolewa.

Nimejiuliza sana kwa nini mtu mzima, ana leseni, ana akili zake, afanye hivi. Sababu ni nyingi ila kuna moja ambayo naona wengi hawaisemi: leni ya kushoto ya Dar inatisha. Nendeni Mandela pale Buguruni, nendeni Mbagala Rangi Tatu, nendeni Mbezi Mwisho jioni. Kushoto kuna daladala imesimama katikati ya leni kwa sababu kituo kimejaa, indiketa hakuna, konda ananing'inia mlangoni na wewe ndiye anayekupungia mkono usimame. Kuna bajaji. Kuna bodaboda inakuja uso kwa uso na wewe, abiria wawili na godoro. Kuna mkokoteni wa madumu ya maji, kuna mtu anauza miwa, kuna dimbwi ambalo hakuna anayejua kina chake tangu masika yaanze. Sasa dereva mwoga, leseni bado inanukia wino, akiitazama hiyo vurugu anaona heri ahamie kulia. Kule kuna ukingo wa zege tu, na ukingo haumvamii mtu.

Namwelewa. Kwa kweli namwelewa. Tatizo ni kwamba anahama na woga wake wote. Akishafika kule haongezi hata kilomita moja, anaganda. Sisi tunaotaka kupita tunabaki na njia moja, kumpita kwa kushoto, yaani tuingie kwenye vurugu ile ile aliyoikimbia yeye, tena tukiwa na mwendo na hasira, mahali ambapo mama mwenye mtoto mgongoni anashuka kwenye daladala. Mwoga kajiokoa, hatari kawaachia wenzake, halafu akifika nyumbani anasema madereva wa Dar hawana ustaarabu.

Kuna ndugu zake hawa, wa "nakata kulia hapo mbele". Ukimpigia taa anakuonyesha indiketa. Indiketa hiyo inawaka tangu Mwenge, na anakokwenda kukata ni Tegeta.

Halafu simu. Juzi Kibamba nimekaa nyuma ya kigari kimoja cheupe, vioo vya pembeni vimechorwa namba kama kawaida yetu, kioo cha nyuma kina stika ya shule ya mtoto. Kilikuwa na tabia yake. Kinapungua hadi 20, kinaelea kuelekea mstari, kinashtuka, kinarudi, kinapanda hadi 40, kisha kinaanza tena kufifia. Nikasema huyu kalewa, lakini saa mbili asubuhi? Nilipopata upenyo nikapita kushoto nikageuza jicho. Kaka mmoja nadhifu, tai shingoni, simu kaiegemeza juu ya usukani, dole gumba linaandika na midomo inatamka kile anachoandika. Simu ya pili iko kwenye kishikio pale dashibodi, imewashwa ramani, inamwonyesha njia kwenye barabara iliyonyooka. Akaandika, akatabasamu, akakanyaga mafuta kidogo kama mtu anayerushia kuku mtama, akarudi kuandika. Hakuniona. Sidhani kama alijua kuna mtu yeyote mwingine barabarani. Hawa ndio wengi, nawaambieni. Ukikuta gari zima, dereva mzima, barabara kavu, spidi 25, usihangaike kutafuta sababu: hiyo ni spidi ya kusomea meseji. Na akikwambia ndiyo anaendesha kwa tahadhari, muulize hiyo meseji ilisemaje.

Wanaoogopa tochi, kile kipima mwendo cha trafiki, nitawatetea kidogo. Mtu akishapigwa tochi mara mbili akalipa 30,000 na 30,000 nyingine, akili inabadilika. Kibao cha kuanza 50 kinaonekana vizuri, kinang'aa. Cha kumaliza 50, kile chenye mistari ya kukata, ndicho cha kutafuta kwa kurunzi: kimegongwa na lori, kimemezwa na mwarobaini, kimefunikwa na bango la mganga, au kimeshafika kwenye mizani ya chuma chakavu. Basi dereva anaamua kwamba nchi nzima ni 50, na kwa kuwa 50 ndiyo mwisho, anaweka akiba, anatembea 40. Asichokijua ni kwamba mshale wa spidi kwenye magari mengi husoma juu kidogo ya mwendo halisi. Watengenezaji hubanwa usisome chini, kwa hiyo huuacha uzidishe. Pale anapoona 40 huenda anatembea 37. Akiba juu ya akiba! Hofu yake naielewa, ila kwa nini aje kuihifadhi kulia?

Wa kuokoa mafuta sasa, hawa siwatetei hata kidogo. Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wadhibiti wa nishati, wakitangaza bei mpya za mafuta, kesho yake barabara imejaa wachumi. Mtu anatambaa 25 anaamini anaikomoa sheli. Mkuu, injini inakunywa hata gari likiwa limesimama. Ukitambaa na gia ya pili, injini inazunguka, mafuta yanakwenda, kilomita hazisogei. Vigari vingi vya petroli hutumia mafuta kidogo zaidi kwa kila kilomita vikiwa kwenye gia ya juu, mwendo wa 60 hadi 80, mguu umetulia. Kinachokausha tangi ni kukanyaga na kushika breki, kukanyaga na kushika breki, na hicho ndicho unachotufanyisha sisi tulio nyuma yako. Huokoi yako na unachoma yetu.

Kuna wengine hawaendi 30 kwa kupenda. Gari likifika 60 usukani unatetemeka, mlango unapiga makofi, kuna mlio chini haujulikani ni shokapu au boli jointi. Tairi za mtumba, mbili zimeshakuwa kipara. Badala ya kumwona fundi akafanya balansi na alaimenti, mwenye gari ametafuta spidi ambayo gari halipigi kelele, akaipata, sasa anaishi nayo. Ndugu yangu, gari bovu lina leni yake. Ni kushoto.

Na Jumamosi mchana, msafara wa harusi. Kirikuu mbele na matarumbeta, mpiga picha katoa kiwiliwili chote nje ya paa la gari, maharusi nyuma yake, halafu ndugu wa bwana harusi wanatandaza magari leni zote tatu ili video itoke vizuri. Taa za hazadi zinawaka kote, kumi kwa saa. Ukijaribu kupenya mjomba mmoja anachungulia dirishani anakukaripia: "Huoni watu wana shughuli?" Nawatakia ndoa njema. Nina mgonjwa kwenye gari.

Najua mtakuja na "polepole ndio mwendo" na "haraka haraka haina baraka". Wahenga walikuwa wanatembea kwa miguu, na walikuwa wanapishana. Na sijasema popote watu wakimbie. Mbele ya shule, kwenye pundamilia, kwenye vituo vya mabasi ya mwendokasi ambako watu wanavuka, nenda 30, nenda hata 20, nitakaa nyuma yako bila kugusa honi. Mtu akigongwa kwa 30 ana nafasi kubwa ya kupona kuliko wa 50, hilo halina mjadala. Mvua ikinyesha Jangwani ikajaa, tambaa. Hizo ni sababu. Hata Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usalama barabarani, ambao hakuna wa kuuita wa wakimbizaji, unataka dereva asizuie wengine kwa kwenda taratibu kupita kawaida bila sababu ya msingi. Bila sababu ya msingi, wakuu. Meseji si sababu ya msingi.

Kuna mtaalamu mmoja wa Marekani, David Solomon, mwaka 1964 alichambua ajali za barabara kuu za kwao, akakuta wanaokwenda taratibu mno kuliko wenzao nao wamo kwa wingi kwenye ajali, sio wakimbizaji peke yao. Waliokuja baada yake walimpunguza makali, wakaonyesha kwamba sehemu ya hao ni magari yaliyokuwa yanapunguza ili yakate kona, kwa hiyo siitumii kama rungu. Ila sihitaji Mmarekani kuniambia ninachokiona kila asubuhi. Leni moja ikiwa na mmoja wa 30 na wengine wa 60, watu wanaanza kurukaruka leni, na hapo ndipo bampa zinapoondoka na pikipiki zinapolala chini.

Sasa ninachotaka. Trafiki wana tochi ya kumnasa anayezidi, na sawa, wamnase. Aliyeziba leni ya kulia kwa kilomita kumi anapita mbele yao, anapungiwa mkono, wanaona ndiye dereva bora wa siku. Msimamisheni huyo, muulizeni anampita nani. Wenye dhamana ya vibao waweke kibao kikubwa cha Kiswahili kila baada ya kilomita chache, TEMBEA KUSHOTO, KULIA NI KWA KUPITA, na wakirudishe kile cha kumaliza 50 mahali pake. Na shule za udereva, jamani. Mwanafunzi anafundishwa kurudi nyuma katikati ya koni, anakariri alama kitabuni, anapelekwa mtaani mara chache akiwa na mwalimu aliyeshika breki ya akiba, anapewa cheti. Leni ya kulia anakutana nayo kwa mara ya kwanza siku anapokwenda kazini na gari lake, peke yake, lori la kokoto likimpumulia nyuma. Unategemea atajua nini?

Lakini hayo ya serikali na ya shule yatachukua muda. Wewe unayesoma hapa jambo lako ni la leo. Angalia kioo cha nyuma. Ukiona magari yamejipanga nyuma yako na mbele yako hakuna mtu, washa indiketa ya kushoto, sogea, wapite, endelea na 30 yako. Hakuna faini. Unapunguza matusi ambayo mama yako mzazi anatukanwa kila siku bila kosa lake.

NYONGEZA: Wanaouliza mbona bodaboda nimewataja kwa juu juu tu, hao wana uzi wao, uko kurasa za mbele, una miaka na bado unajibiwa. Na mkuu uliyeandika "ondoka nyumbani mapema", mimi natoka saa kumi na moja alfajiri. Kuna mmoja wao huwa namkuta tayari yuko njiani, na yuko kulia.