Tupeane uzoefu: mliowahi kwenda misheni mkajikuta mnashinda shambani, siku ilikuwaje?

Bwana asifiwe wapendwa. Mwezi ujao naenda misheni wiki 2 na vijana wenzangu, tumeambiwa tutalala kwenye shamba la kituo, asubuhi kazi, jioni ibada na kutembelea watu majumbani. Mi shamba nimeliona kwenye picha tu, sitawadanganya. Ratiba tuliyopewa imeandikwa "ibada, kazi, mapumziko", basi. Sasa hiyo kazi ndo nini hasa? Mliowahi fungukeni, mlikua mnaamka saa ngapi, mlifanya nini na mliboronga wapi. Mazuri kiongozi ameshatuambia, mi nataka yale mengine.

Aliyepigwa teke
Karibu mpendwa. Mimi nilipangiwa mbuzi wa maziwa. Wale wanakamuliwa mara 2, kila baada ya saa 12 hivi, kwahiyo saa 11 na nusu alfajiri uko bandani na saa 11 na nusu jioni uko bandani tena, iwe jumapili iwe mvua, mbuzi hajui kama leo kuna mkesha. Siku ya kwanza nikajua kukamua ni kuvuta, nikavuta, yule mama mbuzi akageuka akanitazama kama mtu aliyetukaniwa wazazi afu ndoo ikaruka huko. Kumbe huvuti, unabana juu ya chuchu kwa kidole gumba na cha shahada ili maziwa yasirudi kwenye kiwele, ndo unashusha vidole vingine kimoja kimoja. Na kabla ya hapo unaosha kiwele, unakausha, unakamua yale ya kwanza kwenye kikombe pembeni unayakagua, ukiona mabongemabonge au damu hayo usichanganye na mengine, sema mapema maana huyo huenda ana ugonjwa wa kiwele.

Aliyenifundisha yote hayo ni kabinti ka hapo kituoni, miaka kama 12, kalikua kananionea huruma waziwazi. Siku ya nne nikapata nusu lita, nikapiga picha. Ye keshamaliza mbuzi 5 anaosha ndoo.

Halafu ibada ya asubuhi inakuja BAADA ya kukamua. Mnakaa mnanuka, mmechoka, na mhubiri akirefusha unasikia vichwa vinagonga benchi.

Ndugu Mboji
Hahaha huyo wa teke ana afadhali. Sisi tuliua kabichi.

Tulienda watu 14 tunawaka moto. Mzee anayesimamia shamba akasafiri siku 2, akatuachia kazi ya kupalilia. Kiongozi wetu akaona samadi ya kuku imejaa bandani akasema jamani tumfanyie mzee sapraizi, tukabeba toroli kwa toroli tukamwaga kwenye miche ya kabichi, mbichi, shinani kabisa, tena tukiwa tunaimba. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba samadi ya kuku ina naitrojeni nyingi na ikiwa mbichi inaunguza mizizi, lazima ioze kwanza ndo iende shambani. Mzee anarudi anakuta majani yameanza kukauka pembeni. Hakusema kitu. Alisimama pale, akavua kofia, akaivaa tena, akaenda kuoga.

Jioni zamu ya kuongoza ibada ikawa yake. Akafungua 1 Wakorintho 3:6, "Mimi nilipanda, Apolo akatia maji, bali mwenye kukuza ni Mungu." Akafunga Biblia. Akatuangalia. Akasema, "Na ninyi mkatia samadi." Tulicheka mpaka machozi, kiongozi tu ndo hakucheka.

Kesho yake tulikwangua ile samadi yote kwa mikono na kumwagilia maji mengi, baadhi ya miche ikapona. Na samadi iliyobaki akatufundisha kuilaza kwa matabaka, majani makavu, mabichi, samadi, maji kidogo, unarudia mpaka kichuguu kifike kifuani. Baada ya siku chache anachomeka fimbo katikati, akiichomoa anakupa uishike, ni ya moto kweli, ndani huko inaweza kufika nyuzi joto 60. Mi nilijua takataka zinaoza tu, sikujua zinapika.

Mama Wawili
Gambuti dada, usiende na mpya, zitakuchubua. Glovu pea 2. Na chanjo ya pepopunda uangalie kama bado iko ndani ya muda wake, mi nilikanyaga msumari siku ya pili.

Mwenyeji
Naomba niongee kama mtu wa upande wa pili, mimi ndo nakaa shambani napokea vikundi kama vyenu. Nawapenda wageni na sisemi msije. Ila siku 3 za kwanza mnaturudisha nyuma kikazi, hatuongezeki mikono, tunapungua mmoja maana lazima mtu aache shughuli zake awafundishe. Mkianza kuielewa kazi mnaaga.

Mfano karoti. Karoti inakaa ardhini wiki 2 hata 3 ndo ichomoze, magugu hayasubiri, yanawahi, halafu ikitoka ni kajani kembamba tu. Kila kikundi kinang'oa karoti kinaacha magugu. KILA kikundi. Siku hizi nachomeka vijiti mwanzo na mwisho wa mstari na bado.

Kinachoniuma ni kazi zinazochaguliwa. Wageni wanataka kujenga, kuchimba, kitu cha kupigia picha. Kuna kikundi kilichimba mashimo ya nguzo za uzio, wakafurahi, wakaomba, wakaondoka, nguzo zenyewe hazikuwepo. Mashimo yalikaa wazi mpaka mbuzi wetu akavunjika mguu. Palizi haina picha nzuri lakini ndo tunayoihitaji, na kubeba maji, na kuosha vyombo vya maziwa, na kuchambua mbegu. Mgeni niliyempenda kuliko wote alikua kila jioni ananiuliza "kesho niendelee palepale?" Basi. Hilo tu.

Aliyepigwa teke
Mwenyeji umenichoma kwenye mfupa. Ile nusu lita yangu sijui mlipoteza lita ngapi kunisubiri.

Kijana wa Kiti cha Nyuma
Ngoja niseme na ya kwangu, hii niliificha miaka. Tulikua tunahamisha miche ya vitunguu, inafanywa jioni jua likipoa ili isinyauke, mimi nikapangwa mstari mmoja na mzee mmoja mkimya wa pale jirani aliyekuja kusaidia. Nikaweka moyoni huyu ndo roho yangu ya kuileta kwa Yesu. Nikafunga kula kwa ajili yake siku 4, kila siku naombea nipate upenyo, na mzee mwenyewe haongei anaingiza miche tu, mstari wake umenyooka wangu kama nyoka. Siku ya tano nikajikaza nikamuuliza baba, unamfahamu Yesu? Akanyoosha mgongo polepole akasema mwanangu, mimi ni mzee wa kanisa pale unapolala, jumapili nilikukaribisha mimi mwenyewe mlangoni.

Afu akaniambia mche wangu wa mwisho nimeupanda mizizi juu.

Ndugu Mboji
😂😂😂 mizizi juu

Mama Wawili
Hii imenikumbusha siku ya kuvuna mi nilikua nakwangua mpaka kona, mwenye shamba akasema acha kona, Walawi 19:9. Nikajua anatania. Jioni wakaja kina mama wawili na watoto, wakaingia moja kwa moja kwenye zile kona bila kumuuliza mtu.

Mwenyeji
Na sisi tunaacha.

(mwanzisha mada) Asanteni sana wapendwa, Mwenyeji nimekusoma, nimewatumia wenzangu kile kipande cha karoti. Kwahiyo gambuti nianze kuzivaa ndani ya nyumba kuanzia leo?

Mama Wawili
Ndio. Na soksi ndefu.