Fes siku tatu na mama mwenye goti bovu: Ijumaa tuifanye nini?

BintiUpanga

Wakuu, salaam. Tunatua Fes, Morocco, Alhamisi jioni, tunaondoka Jumatatu alfajiri. Tuko wanne: mimi, mume wangu, mama mkwe (miaka 68, goti lake halipatani na ngazi) na rafiki yetu Mkristo. Siku kamili tulizonazo ni Ijumaa, Jumamosi na Jumapili.

Tunataka kuuona mji wa kale vizuri, kula vyakula vya Fes vyenyewe na si vya watalii, na siku moja kutoka nje ya mji. Mume wangu amekazania Chefchaouen, ule mji wa bluu, eti twende na kurudi siku hiyohiyo. Inawezekana? Na mama tumpitishe wapi asichoke? Nimeona ramani ya vichochoro vya huko, nikaifunga.

FundiRamani

Dada, Chefchaouen iondoeni. Ni kama kilomita 200 za barabara ya milima, saa nne kwenda na saa nne kurudi. Mtapata saa tatu za kupiga picha ukuta wa bluu, na mama atakuwa amekaa kwenye kiti cha gari kutwa nzima. Mji ule unamfaa anayeelekea miji ya kaskazini, Tangier au Tetouan, analala usiku mmoja kisha anaendelea.

Sasa mji wa kale, Fes el-Bali. Jambo la kwanza kulijua ni kwamba umekaa kwenye mteremko. Bab Bou Jeloud, lile lango la vigae vya bluu upande wa nje na kijani upande wa ndani (lilijengwa 1913, si la kale kama watu wanavyodhani), liko juu. Msikiti wa Qarawiyyin na mto viko chini. Kwa hiyo mwenye goti bovu anaanzia juu na kumalizia chini, hapandi kurudi. Shukeni taratibu kwa Talaa Kebira, njia ndefu ya maduka inayotoka langoni hadi karibu na Qarawiyyin, kama kilomita moja na nusu. Kisha mtoke uwanja wa Rcif. Pale magari yanafika. Mnachukua petit taxi (teksi ndogo ya mjini) inayozunguka nje ya kuta na kuwarudisha juu. Wageni wengi hawalijui hilo, ndiyo maana saa 10 jioni unawaona wanapanda Talaa huku wanahema.

Petit taxi za Fes ni nyekundu, zina mita, na haziruhusiwi kubeba abiria zaidi ya watatu. Ninyi mko wanne, kwa hiyo ni taxi mbili. Dereva akisema mita mbovu, shuka usubiri nyingine. Safari za mjini nyingi haziishii hata kwenye dirham 20 mchana. Kuanzia saa 2 usiku bei ya mita huongezwa nusu yake, na hiyo ni halali, msigombane naye.

Kuhusu kupotea: mtapotea, na si tatizo. Ukiteremka utafika Rcif au mtoni, ukipanda utafika Bou Jeloud. Tatizo ni kijana atakayekuambia "njia hii imefungwa" na kujitolea kukupeleka. Njia haijafungwa. Atakuzungusha, akufikishe kwenye duka la zulia, halafu adai malipo. Mwambie "la, shukran" bila kusimama. Mkitaka mwongozaji, chukueni mwenye kitambulisho rasmi cha wizara ya utalii, kupitia mnapolala. Andaeni dirham 300 hadi 400 kwa nusu siku, na mwambieni kabla hamjaanza: maduka mawili tu, tutakayochagua sisi.

Ukisikia "balak! balak!" nyuma yako, jibane ukutani kwanza, geuka baadaye. Ni punda au nyumbu mwenye mzigo, na mzigo ni mpana kuliko yeye. Mama atembee upande wa ukuta muda wote.

Ijumaa nendeni Meknes, mji wa jirani, kwa treni, maana Fes maduka yanafungwa.

MlaNjugu

FundiRamani nakubaliana nawe kwenye yote isipokuwa hilo la mwisho. Meknes nayo ni mji wa Waislamu, maduka ya medina (mji wa kale) yake yanafungwa Ijumaa hiyohiyo. Na grand taxi (teksi kubwa za kati ya miji) za kwenda Moulay Idriss, mji mdogo jirani wa Meknes, huwa chache saa za swala. Mtakuwa mmehamisha tatizo kilomita 60.

Bi mkubwa, mimi ningeifanya Ijumaa kuwa siku ya mama. Asubuhi hadi kama saa 5 maduka mengi bado yako wazi, lakini watu si wengi, na Talaa inapitika bila kusukumana. Anzeni na madrasa ya Bou Inania, hatua chache tu kutoka langoni. Ilijengwa miaka ya 1350 na Sultani Abu Inan, yuleyule aliyeamuru msafiri Ibn Battuta asimulie safari zake ziandikwe, na humo ndimo zimo habari za Mombasa na Kilwa alizoziona mwaka 1331. Yaani maelezo ya Kilwa tunayoyategemea yaliandikiwa Fes. Kiingilio ni dirham chache, ila madrasa hii ina msikiti unaosaliwa, hivyo watalii hutolewa saa za swala. Ijumaa mkifika saa 5 na nusu mmechelewa.

Halafu shukeni. Madrasa ya Attarine (1325) iko ubavuni mwa Qarawiyyin; ni ndogo lakini kazi ya plasta na mbao za mwerezi ni nzuri kuliko Bou Inania, kwa macho yangu. Qarawiyyin yenyewe, ambayo kwa mapokeo ilianzishwa na Fatima al-Fihri mwaka 859, ninyi Waislamu mnaingia na kuswali Ijumaa. Wanawake wana sehemu yao, ulizeni mlango. Rafiki yenu hataruhusiwa kuingia. Ataona ua kupitia milango iliyo wazi, basi. Asikae kuwasubiri kichochoroni wakati wa swala maana watu hujaa hadi nje. Apande taxi kutoka Rcif aende bustani ya Jnan Sbil, karibu na Bou Jeloud. Ina kivuli, mabenchi na maji.

Karibu na Qarawiyyin pia kuna zawiya ya Sidi Ahmed Tijani, mwanzilishi wa tarika ya Tijaniyya. Mkiona makundi ya Wasenegali na Wanijeria wamevaa rasmi, wanaelekea huko.

Baada ya swala, kuskusi. Ijumaa ndiyo siku yake Morocco nzima. Mgahawa unaokuletea kuskusi Jumanne ndani ya dakika kumi umeipasha moto. Ile ya kweli hupikwa kwa mvuke mara mbili hadi tatu, kila mara inamwagwa kwenye sinia pana, inanyunyizwa maji na kuvurugwa kwa mikono isigandamane. Agizeni asubuhi mnapolala, wengi huwapikia wageni Ijumaa.

Jioni, saa moja kabla ya jua kuzama, pandeni taxi hadi makaburi ya Wamarini (watawala wa zamani wa Fes) juu ya kilima. Mama hahitaji kutembea sana. Mji wote uko chini yake. Mwombeni dereva asubiri, giza likiingia si mahali pa kuzubaa.

BintiUpanga

Asanteni sana, mume wangu amesoma na amenyamaza. Hivi vile vidimbwi vya kutengenezea ngozi mama ataviweza? Na hamjaniambia chakula, hiyo kuskusi tu hainitoshi.

MlaNjugu

Vidimbwi vya Chouara vinatazamwa kutoka kwenye baraza za juu za maduka ya ngozi, na kufika huko ni ngazi nyembamba za ghorofa tatu au nne. Kabla hamjaingia duka lolote ulizeni ngazi ngapi, kuna maduka yenye baraza ya chini zaidi. La sivyo mama akae dukani chini, atapewa chai.

Hakuna tiketi. Wanakupa tawi la nanaa uliweke puani, na mwishoni wanategemea ununue au uache dirham 10 au 20. Toa, shukuru, ondoka, hulazimiki kununua. Nendeni asubuhi Jumamosi: rangi zinaonekana vizuri na joto halijaifanya harufu kuwa ngumu.

Mkiwa juu, angalieni mpangilio. Vidimbwi vyeupe ndivyo vya kwanza: ngozi ya ng'ombe, kondoo au mbuzi inalowekwa siku kadhaa kwenye chokaa ili nywele na mafuta vilegee, inakwanguliwa, kisha inaingia kwenye maji ya kinyesi cha njiwa. Kile kinyesi kina amonia, ndicho kinachoilainisha ngozi ipokee rangi. Mafundi wanaikanyaga kwa miguu, wamezama hadi mapajani. Baada ya hapo ndipo inakwenda kwenye vidimbwi vya rangi vya kahawia na vyekundu. Za njano hazichovywi, hupakwa rangi kwa mkono na kuanikwa. Muuzaji atasema ni zafarani. Kwa bei ya zafarani, mkoba huo ungekuwa wa maelfu.

Mkinunua, chukua tishu nyeupe, ilowanishe kidogo, sugua pembeni mwa mkoba. Rangi ikihamia kwenye tishu, itahamia kwenye gauni lako. Nusa ndani pia. Ngozi isiyokaushwa sawasawa hubaki na ile harufu, na ukiifungia kwenye begi la safari nguo zote zitaivuta. Kwa babush (viatu vya ngozi vya kuchomeka), kunja soli: ya ngozi iliyoshonwa inajikunja na kurudi, iliyogundishwa inaanza kuachia ukingoni.

Chakula sasa. Asubuhi tafuteni bisara, supu nzito ya ful (maharage mapana) kavu zilizomenywa, inayochemshwa na vitunguu saumu hadi ivurugike yenyewe. Inamiminwa kwenye bakuli la udongo, juu wanatia mafuta ya zeituni na bizari nyembamba, unakula na mkate wa moto. Vibanda vyake vina sufuria moja kubwa mlangoni na hakuna menyu. Ikiisha, wanafunga; saa 5 ni bahati. Rangi yake ya kijivu haivutii, msiitazame sana.

Khlii ni nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa viungo na kuhifadhiwa kwenye mafuta yake, inakaangwa na mayai. Ina chumvi na mafuta mengi; kama mama ana presha aionje tu.

Na bastila. Hii ndiyo fahari ya Fes: karatasi nyembamba za unga, ndani nyama ya njiwa iliyopikwa na vitunguu, tangawizi na zafarani, mayai yaliyovurugwa kwenye mchuzi uleule mpaka yakauke, na lozi zilizosagwa na sukari na mdalasini. Juu sukari laini. Ndiyo, nyama na sukari. Aliyezoea pilau yenye zabibu hatashangaa sana. Siku hizi nyingi ni za kuku, ulizeni. Iagizeni nzima ya watu wanne, siku moja kabla. Kile kipande cha pembetatu kilichokaa kwenye kioo cha duka kimeshavuta unyevu kutoka ndani na karatasi zimekuwa kama kitambaa. Bastila ya samaki haina sukari, ina tambi na pilipili. Ni nzuri lakini si hiyo ninayoisema.

Pesa: noti ya dirham 200 haina chenji kwenye vibanda. Zivunjeni kwenye duka kubwa au hotelini. Dirham haipatikani kirahisi nje ya Morocco, mtatoa kwenye ATM uwanjani au karibu na Bou Jeloud.

FundiRamani

Sawa MlaNjugu, Ijumaa nimekuachia. Basi Jumapili ndiyo iwe ya kutoka.

Kuna njia mbili. Ya kwanza Meknes, Moulay Idriss na magofu ya Volubilis. Treni ya Fes–Meknes ni kama dakika 40, shukeni kituo cha Al Amir ndicho kilicho karibu na katikati ya mji. Toka hapo grand taxi hadi Moulay Idriss. Grand taxi huuzwa kwa viti sita. Mkiwa wanne lipieni vyote sita mwondoke papo hapo, ni nafuu kuliko kusubiri. Kosa linalowapata wengi: wanamwachia dereva aondoke Volubilis. Langoni pale hakuna kijiwe cha taxi, na Moulay Idriss ni kama kilomita nne juani. Pataneni kwenda, kusubiri saa mbili na kurudi, na mlipe mwisho, si mwanzo.

Volubilis ni magofu ya Kirumi yenye mosaiki zilizobaki palepale sakafuni, tao la Caracalla la mwaka 217 na mashinikizo ya zeituni. Kivuli hakuna kabisa. Julai na Agosti joto hufika 40, kwa hiyo iwe asubuhi, kofia, na maji lita moja na nusu kila mtu. Mama anaweza kuishia kwenye tao. Kuzunguka kote ni mawe na mashimo. Marumaru ya hapa yalichukuliwa na Sultani Moulay Ismail kujengea Meknes.

Mjini Moulay Idriss amezikwa mwanzilishi wa dola ya Idrisi. Kaburini wanaingia Waislamu tu. Mji wenyewe ni ngazi tupu. Mama abaki uwanjani, kuna nyama choma na kefta (nyama ya kusaga).

Njia ya pili ni Ifrane na Azrou, na kwa goti hilo mimi ningechagua hii. Kodini gari na dereva kwa siku. Ifrane iko kama kilomita 60, mita 1,600 na ushee juu ya bahari, mapaa ya kigae kama Ulaya. Ndipo ilipopimwa baridi ya nyuzi 23.9 chini ya sifuri mwaka 1935. Hakuna cha kuangalia zaidi ya nusu saa, bustani na simba wa jiwe. Endeleeni hadi msitu wa mierezi wa Azrou, gari linafika karibu kabisa. Nyani wa Barbari wako pale, hawana mkia. Wauza njugu watawataka muwalishe. Msiwalishe, wanawanyang'anya watu mikoba kwa sababu ya njugu hizohizo. Kuanzia Desemba mpaka Februari chukueni makoti ya kweli, na muulize dereva kama barabara haina theluji.

BintiUpanga

Azrou imepita, kura tatu kwa moja. Jumatatu ndege ni saa 3 asubuhi. Taxi tutaipata alfajiri?

MlaNjugu

Msiitafute alfajiri, ipangeni Jumapili usiku kupitia mnapolala, kwa bei iliyotajwa. Chukueni grand taxi, mko wanne na mabegi. Uwanja wa Saïss uko kama kilomita 15, na kabla ya saa 12 asubuhi nyongeza ya usiku bado inahesabika. Taxi haiingii vichochoroni, itawasubiri langoni, kwa hiyo ulizeni pia mwenye mkokoteni wa kubeba mabegi, dirham 20 au 30. Kama bado hamjalipia chumba, tafuteni kilicho dakika tatu kutoka Batha, Ain Azliten au Rcif, ambako magari yanafika, na mama apewe chumba cha chini. Ngazi za riad (nyumba za wageni za kienyeji) ni za mawe, zimesimama kama za mnara, na mara nyingi hazina pa kushika.