Kutoza kwa kichwa, kwa matumizi au kwa matokeo: ipi inalipa zama hizi za akili bandia?

Mjenzi_Mifumo
Wakuu, salaam. Nina programu ya huduma kwa wateja, na kampuni zinalipa kila mwezi kwa idadi ya wafanyakazi wanaoitumia. Nimeongeza akili bandia inayojibu maswali yenyewe, na hapo hesabu ndipo inapogoma. Ikifanya kazi vizuri, mteja anapunguza wafanyakazi na mapato yangu yanashuka, huku bili yangu ya modeli (mfumo wa akili bandia ninaoulipia kwa wengine) ikipanda. Nibaki kwa kichwa, nitoze kwa matumizi, au kwa kila tatizo lililotatuliwa?

Mhasibu_wa_Usiku
Mkuu, anza na gharama kabla ya bei. Zamani ukishaiandika programu, mtumiaji wa elfu moja alikuongezea gharama ndogo mno, ndiyo maana faida ghafi (mauzo ukitoa gharama za kutoa huduma) ya asilimia 70 hadi 80 ilikuwa jambo la kawaida. Sasa kila swali lina tokeni zake, yaani vipande vya maneno ambavyo modeli inasoma na kuandika, na tokeni zinalipiwa. Januari 2025 Sam Altman, mkuu wa OpenAI wanaotengeneza ChatGPT, alisema hadharani kwamba wanapata hasara kwenye ChatGPT Pro, kifurushi cha dola 200 kwa mwezi, kwa kuwa watu waliitumia kuliko walivyotarajia. Hao ndio wenye modeli! Wewe unayenunua kwao rejareja usithubutu kuuza "tumia utakavyo" kwa bei moja.

Binti_Seva
Kwenye gharama nakubaliana naye. Kutoza kwa matumizi peke yake, hapana. Idara ya fedha ya mteja haipitishi kitu ambacho bei yake haijulikani hadi mwisho wa mwezi. Cursor, programu ya kuandika kodi kwa akili bandia, walibadilisha utaratibu wa malipo katikati ya 2025, watumiaji wakakuta makato wasiyoyatarajia, na Julai kampuni ikaomba radhi na kuahidi kurudisha fedha. Kushtukizwa kunaudhi kuliko bei kubwa iliyotajwa mapema.

Kobe_Mwendo
Mimi niko upande wa matokeo. Intercom, wenye programu ya huduma kwa wateja kama yako, walianza 2023 kutoza senti 99 za dola kwa kila swali ambalo Fin, akili bandia yao, imelitatua. Salesforce, kampuni ya programu za biashara, walipoleta Agentforce, akili bandia yao, mwaka 2024, walitangaza dola 2 kwa kila mazungumzo. Mazungumzo na suluhisho ni vitu viwili tofauti, na ugomvi wote unazaliwa hapo. Mtu akiuliza, akajibiwa, kisha akatoweka, ametatuliwa tatizo au amekata tamaa? Kama mkataba haujalisema hilo, kila ankara itakuwa kesi.

Mhasibu_wa_Usiku
Kuna swali kubwa kuliko bei: mteja anabaki kwako kwa sababu gani? Mei 2023 Chegg walipokiri kwamba ChatGPT inawapunguzia wateja wapya, hisa zao ziliporomoka karibu nusu kwa siku moja. Waliuza majibu ya masomo, na mwanafunzi akayapata bure kwingine. Ukipoteza asilimia 5 ya wateja kila mwezi, inaonekana ndogo, lakini kwa mwaka ni kama asilimia 46. Hakuna mpango wa bei utakaoziba hapo. Programu iliyofungamana na kumbukumbu za miaka za mteja, ruhusa za wafanyakazi wake na mfumo wake wa malipo ni vigumu kuing'oa. Programu ambayo ni dirisha zuri tu juu ya modeli ya mwingine huigwa haraka.

Mjenzi_Mifumo
Nimewaelewa. Naelekea kwenye ada ya msingi ya kila mwezi, ndani yake idadi maalumu ya suluhisho, na ziada itozwe hadi kikomo alichokiweka mteja mwenyewe. Wateja wa zamani niwahamishe vipi?

Binti_Seva
Usiwaguse hadi mkataba uishe. Miezi mitatu kabla, watumie ankara ya kawaida, na pembeni uwaonyeshe wangelipa kiasi gani kwa utaratibu mpya. Atakayeona bei inapanda mpigie simu wewe mwenyewe, usimwachie barua pepe.

Kobe_Mwendo
Na wakati huohuo kagua ni maswali gani yanakula tokeni nyingi. Mengi ya kawaida yanajibiwa vizuri na modeli ndogo ya bei nafuu. Ile kubwa iachie maswali magumu.